Ukuta wa Kiponda: shajara ya kuondoa kuvu kwenye nyumba ya mawe

Novemba, vuli imeanza

Ukuta wenyewe ni wa chumba cha chini, upande wa kichochoro, katika nyumba ya familia yetu Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unapita nusu mita, na jua haulioni kwa sababu nyumba ya jirani imesimama karibu mno. Mama analala chumba hicho kwa kuwa magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi. Kila masika ukuta huota kuvu nyeusi. Masika yakipita tunaita fundi rangi, anakwangua, anapaka, ukuta unapendeza hadi vuli, kisha madoa yanarudi palepale. Mwaka huu yamerudi hata mvua hazijakolea, na kifua kimeanza kumsumbua Mama usiku.

Safari hii harudi fundi rangi mpaka tujue maji yanatoka wapi. Naandika kila hatua ili mwenye nyumba ya mawe Malindi, Mombasa, Lamu au Bagamoyo apate pa kuanzia.

Leo tumesogeza kabati. Nyuma yake pana vitu vitatu tofauti, na vyote vitatu sisi nyumbani tulikuwa tukiviita kuvu. Cha kwanza ni vitone vyeusi vilivyojazana pembeni na mgongoni mwa kabati. Hivyo ndivyo kuvu hasa. Cha pili ni unga mweupe wenye manyoya, uliotandaa chini ya ukuta hadi usawa wa kiuno, na rangi juu yake inabanduka yenyewe. Hiyo ni chumvi. Cha tatu ni duara la hudhurungi karibu na dari, pale boriti zinapoingia ukutani, nalo ni alama ya maji yanayoshuka kutoka juu.

Ukitaka kutofautisha chumvi na kuvu, nyunyizia maji kidogo. Chumvi huyeyuka ikatoweka machoni pako. Kuvu hubaki, na ukiipitishia kidole inakupaka weusi. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu jiki haifanyi lolote kwa chumvi. Ukimwaga jiki ukutani penye chumvi unaongeza maji kwenye ukuta ambao tayari umelowa.

Jaribio jingine tulilofanya ni la karatasi ya alumini ya jikoni. Kata kipande cha ukubwa wa sahani, kigandishe ukutani kwa utepe pande zote nne pasiwe na upenyo, ukiache siku mbili. Ukikuta maji upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Ukikuta maji upande wa chumbani, ni mvuke wa chumba unaogandia mahali penye baridi. Tuliweka vipande chini, katikati na juu. Vya chini vililowa mgongoni. Kile kilichokuwa nyuma ya kabati kililowa usoni. Maana yake tuna matatizo mawili kwenye ukuta mmoja, na dawa zake si moja.

Novemba, bado tunafuata maji

Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, ndani na nje, na hakuna anayeweza kuzimaliza. Joto la kuishi inalo mwaka mzima hapa kwetu. Chakula inacho pia: vumbi, rangi, karatasi, mbao, hata mafuta ya vidole. Kitu kimoja tu tunachoweza kuinyima ni maji. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, kwa kawaida kuvu haiwahi kuota. Kwa hiyo wiki hii nzima hatujagusa doa hata moja. Tumekuwa tukifuata maji.

Tulianza juu. Gata ya bati imejaa majani na vinyesi vya kunguru, na bomba lake la kushushia maji limekatika juu ya kichochoro. Mvua ikinyesha, maji yote ya upande ule wa paa yanapiga ukuta wetu kisha yanatuama chini yake. Hilo peke yake lingetosha kuuharibu ukuta.

Usiku tulitia alama ya kiwango cha maji kwenye tangi, tukafunga kila bomba, na alfajiri kabla watu hawajatawadha tukaangalia tena. Maji yameshuka. Fundi bomba alifuata njia akakuta paipu ya bafu la juu imezikwa ndani ya ukuta uleule na inavuja kwenye kiungo. Ameihamisha, sasa inapita nje ya ukuta ambako jicho linaiona. Nashauri kila mwenye nyumba ya zamani afanye jaribio hili la tangi kabla hajatumia hata shilingi kwa dawa ya kuvu; halina gharama na linatoa jibu asubuhi moja.

Kichochoro chenyewe kimepandishwa. Kila watu wanapomwaga saruji juu ya saruji kinapanda kidogo, na leo sakafu ya nje iko juu kuliko sakafu ya chumba cha Mama. Maji yanayosimama nje yanaingia kwenye mawe ya ukuta, hayana mahali pengine pa kwenda.

Na kuna kiyoyozi cha jirani. Bomba lake la maji linadondokea ukutani kwetu mchana kutwa. Nilikwenda kubisha hodi baada ya Alasiri. "Jirani, nimekuja kwa jambo dogo, usilione zito," nikamwambia, nikamchukua mpaka kichochoroni akaona mwenyewe ule utelezi wa kijani. Hakuchukia. Kesho yake aliunga mpira ukaingia kwenye ndoo, na sasa binti yake anamwagilia maua ya barazani kwa maji hayo. Matatizo mengi ya unyevu katika Mji Mkongwe yanapita baina ya nyumba mbili, na hakuna fundi anayeweza kutengeneza upande mmoja bila wa pili kukubali.

Mwisho wa Novemba: fundi amefika

Fundi mwashi tuliyemtafuta ni mzee aliyefanya kazi za chokaa tangu ujana. Hakuleta kipimo chochote. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, kuanzia mlangoni hadi pembeni, akisikiliza. Sehemu za juu zililia zito. Kuanzia kifuani kushuka chini sauti ikawa ya uwazi. Akatia tindo, akabandua kipande cha upana wa kiganja.

Nyuma yake palikuwa na maji, tena si unyevu wa kuhisi kwa mkono. Jiwe lilimetameta, na chokaa ya zamani baina ya mawe ilikuwa imelainika, inachimbika kwa kucha. Mbele ya hayo yote palikuwa na tabaka la saruji gumu kabisa, lililopigwa zamani wakati nyumba ilipokarabatiwa, na juu ya saruji tabaka kwa tabaka za rangi ya mafuta.

"Mzee, saruji si ndiyo inayozuia maji?" nikamuuliza.

"Inazuia, mwanangu," akasema. "Inayazuia yasitoke."

Hapo ndipo mradi wote ulipogeuka. Ukuta wa matumbawe umejaa vinyweleo. Siku zote unanyonya maji kidogo kutoka ardhini na mvuani, na siku zote unayatoa tena kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo ina vinyweleo. Ni mtungi wa udongo: unatoa jasho, jasho linakauka, maji ya ndani yanabaki baridi na mtungi hauozi. Upake mtungi huo rangi ya mafuta uone. Saruji haina vinyweleo vya kutosha kupitisha unyevu kwa kasi unavyoingia, hivyo maji yanajikusanya nyuma yake, yanapanda juu kutafuta pa kutokea, na yanachukua chumvi ya matumbawe na ya mchanga wa pwani. Maji yakikauka chumvi inabaki, inaganda na kuvimba ndani ya vinyweleo, na lipu inapasuka. Tena saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Ukuta ukicheza kidogo, na kuta hizi hucheza, kinachovunjika ni jiwe.

Kwa muda mrefu nimeona watu wakiamini kwamba nyumba ya mawe ikipigwa saruji imeimarika. Naelewa inatoka wapi imani hiyo: saruji ni ya haraka, fundi wake yuko kila mtaa, na wiki ya kwanza ukuta unapendeza. Lakini nyumba nyingi za mji huu zimeumia kwa sababu hiyo, na gharama yake inawaangukia wanaokuja baadaye.

Uamuzi: saruji yote itatoka, kuanzia sakafuni hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu.

Kabla ya hapo kuna kibali. Mji Mkongwe uko chini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji iliyoundwa mwaka 1985, na tangu mwaka 2000 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kazi ya ukuta hapa haianzi kimyakimya. Tumepeleka maombi na picha. Aliyedhani haya ni masumbufu tu akumbuke Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lililoporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu. Mawe na chokaa vikilowa kwa miaka, mwisho wake hauishii kwenye doa jeusi.

Disemba: kusafisha

Mama amehamia chumba cha ukumbini. Mtu mwenye pumu hatakiwi hata kuwapo wakati kuvu inasuguliwa, wala watoto.

Kwanza vitu. Godoro limetupwa, hakuna namna ya kulisafisha kuvu ikishaingia ndani ya sponji. Kabati lilikuwa la mbao za kubana, mgongo wake umevimba na kuota, nalo limekwenda. Sanduku la mbao ngumu la Bibi limepona: tumelisugua kwa maji ya sabuni, tukalifuta, tukalianika uwani siku kadhaa likiwa wazi. Kanga na mashuka yamefuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Jiki hatukutia kwenye kanga, maana hula rangi.

Kisha ukuta. Tumevaa glavu za mpira, miwani ya kufunika macho na barakoa ya N95. Ile ya kitambaa haizuii mbegu ndogo hivi. Mlango wa ndani tumeufunga na kuuziba chini kwa tambara lenye unyevu. Feni tumeiweka dirishani ikitazama nje, itoe hewa ya chumba badala ya kuizungusha ndani ya nyumba.

Kuvu haikwanguliwi kavu. Ukiisugua kavu unairusha nyumba nzima. Tulinyunyiza maji ya sabuni kwanza, tukaacha yanywe kidogo, ndipo tukafuta kwa matambara na kuyatia moja kwa moja kwenye mfuko wa nailoni. Sehemu za juu, ambako lipu inabaki, baada ya sabuni tulipaka jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa kumi, tukaiacha dakika kumi, tukaosha na kukausha. Sehemu za chini hatukuzitia jiki kabisa. Lipu yenyewe inakwenda jaani, ya nini kuipaka dawa?

Jiki huua kilicho usoni na kufifisha rangi ya doa. Penye kigae au kioo inatosha. Penye ukuta wenye vinyweleo sehemu kubwa ya kinachoingia ndani ni maji tu, na mizizi ya kuvu huko ndani inayapokea. Zaidi ya hayo, kuvu iliyokufa bado inaweza kumwasha mtu kifua na macho, hivyo kuiua bila kuiondoa ni kazi nusu.

Na hili naomba lisomwe polepole: jiki haichanganywi na kitu kingine chochote ila maji. Ukiichanganya na siki au asidi ya choo inatoa gesi ya klorini. Ukiichanganya na sabuni za vioo zenye amonia inatoa gesi nyingine yenye sumu. Watu huchanganya kwa nia njema, wakidhani nguvu mbili zitazidi moja, ndani ya bafu lisilo na dirisha.

Kuna aliyetushauri tupeleke kipande maabara kujua ni kuvu ya aina gani. Sikuona haja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani haukuweka kiwango cha kuvu ambacho ni salama; ulichosisitiza ni kuondoa unyevu wenyewe. Iwe nyeusi, kijani au ya rangi ya waridi, inatoka yote.

Januari, kaskazi inavuma

Kibali kimepatikana, na huu ndio msimu wa kazi. Mvua hakuna, jua kali, upepo unapita.

Fundi anabandua saruji kwa tindo na nyundo ndogo. Kuna kijana alikuja na mashine ya kuvunjia akasema atamaliza kabla ya Adhuhuri, na Mzee akamkatalia. Mashine inatikisa ukuta mzima, na chokaa iliyolainika haistahimili mtikisiko. Anakwenda kipande kwa kipande. Penye saruji iliyong'ang'ania jiwe anaiacha kwanza, anarudi baadaye ikishakauka pembeni.

Vifusi vinatolewa nje siku hiyohiyo. Vimejaa chumvi, na vikikaa chini ya ukuta vitairudisha sakafuni. Jioni kazi yangu imekuwa kupiga ukuta kwa brashi kavu ngumu, kwa sababu maji yanapotoka huacha unga mweupe mpya usoni. Unapigwa kavu, unazolewa, unatupwa. Ukiuosha kwa maji unaurudisha ulikotoka.

Ukuta umebaki uchi, mawe yanaonekana, na chumba kina harufu ya pwani. Mama alichungulia akasikitika: "Mmeibomoa nyumba ya baba yenu." Nilimshika mkono nikampeleka aguse jiwe. Lilikuwa bado baridi na lenye maji, na alielewa bila mimi kueleza zaidi.

Utakauka lini? Mafundi wa majengo wana kipimo cha kukisia kwamba ukuta hukauka kama sentimita mbili na nusu kwa mwezi. Kwa unene wetu, hata ukikauka pande zote mbili, ni karibu mwaka. Hatuwezi kusubiri mwaka, na kwa bahati njema hatulazimiki, kwa sababu lipu ya chokaa inaruhusu ukuta uendelee kukauka nyuma yake. Tumejipa hadi katikati ya Februari.

Wakati huohuo gata imesafishwa na kuwekewa wavu, na bomba jipya la kushushia linafika hadi mtaroni. Kwenye kichochoro tumekubaliana na majirani kuvunja ukanda mwembamba wa saruji ulioegemea ukuta na kuweka kokoto badala yake, maji yasisimame. Kushusha kichochoro chote ni kazi ya mtaa na ya serikali, haitaisha mwaka huu.

Februari: chokaa

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye ujuzi unaopotea.

Chokaa ni jiwe lililochomwa. Matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa kwa moto wa nyuzi karibu 900, yakatoa hewa ya kaboni dioksidi na kubaki chokaa hai, nyepesi na kali. Ikitiwa maji inachemka yenyewe na kuwa chokaa iliyozimwa. Ukutani inavuta tena hewa ile iliyoipoteza motoni, pole pole, mpaka inageuka kuwa jiwe kwa mara ya pili. Ndiyo maana haikimbizwi. Saruji hushika kwa maji ndani ya saa chache, ilhali chokaa inasubiri hewa.

Mzee anayo chokaa aliyoizima muda mrefu uliopita, imelala shimoni chini ya maji. Anasema chokaa ikilala inalainika na haiachi vipande vinavyopasuka baadaye ukutani. Nilipoigusa kwa mwiko ilikuwa nzito, laini, inateleza. Naandika pia upande wake mbaya: tanuu za chokaa hula miti mingi, na matumbawe hai ya baharini hayafai kuguswa. Ulizia imechomwa kwa mawe ya nchi kavu. Muuzaji akisita kujibu, tafuta mwingine.

Mchanga ni wa shimo, uliochekechwa na kuoshwa. Mchanga wa baharini marufuku. Chumvi yake inanyonya unyevu hewani na kuturudisha tulipoanza. Kipimo ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Binamu yangu alipendekeza tutie saruji kidogo ishike haraka. Mzee alitikisa kichwa, nami nakubaliana naye: saruji kidogo inapunguza faida ile ile tunayoilipia.

Ukuta unanyunyizwa maji kabla, kwani jiwe kavu litanyonya unyevu wote wa chokaa na tabaka litabanduka. Mashimo makubwa yanajazwa kwanza kwa vipande vya mawe na chokaa. Kisha tabaka la kwanza linarushwa kwa mwiko, halipakwi, liingie kila uwazi. Kila tabaka ni la sentimita moja au pungufu, na linaachwa likaze kabla ya lifuatalo. Dirishani tumetundika magunia yenye maji ili upepo wa kaskazi usilikaushe upesi, maana likikauka upesi linapasuka nyufa ndogondogo. Asubuhi na jioni tunalinyunyiza. Mdogo wangu ndiye aliyeshika zamu hiyo na hakuikosa.

Chokaa mbichi inaunguza ngozi na ni hatari kwa macho. Glavu, miwani, na ndoo ya maji safi karibu muda wote.

Machi, kabla ya masika

Tumepaka chokaa ya maji. Ni chokaa ileile iliyolala, ikachanganywa na maji mpaka ikawa nyepesi kabisa, ikachujwa kwa kitambaa. Tabaka la kwanza halionekani hata kama umepaka, na fundi rangi asiyeizoea atataka kuizidisha uzito. Ukiizidisha inachubuka. Inapakwa mara nyingi, nyembamba, kila mara ukuta umenyunyizwa kidogo. Ikikauka inazidi weupe siku hadi siku.

Chokaa mbichi ina ukali wa alkali wa kiwango cha pH 12 hivi, na kuvu haiwezi kuota juu yake. Ukali huo unapungua kadiri inavyogeuka jiwe, kwa hiyo inapakwa upya kila mwaka, bora kabla ya masika. Wazee wetu walipaka kuta zao kila mwaka, na nyumba zilidumu.

Rangi ya plastiki na rangi ya mafuta hazitaingia tena kwenye ukuta huu. Wala zile za dukani zinazosema zinazuia kuvu. Dawa iliyomo ndani huisha nguvu baada ya muda, na tabaka la plastiki linabaki kuuziba ukuta.

Sasa ile karatasi ya alumini iliyolowa usoni, yaani mvuke wa chumba. Miongozo ya Marekani inashauri unyevu wa hewa ndani ubaki chini ya asilimia 60, na bora kati ya 30 na 50. Kipima unyevu chetu kidogo kimesoma zaidi ya 80 asubuhi nyingi, dirisha likiwa wazi, kwa sababu hewa ya kisiwa chenyewe ndivyo ilivyo. Anayefuata miongozo ya nchi za baridi neno kwa neno atakata tamaa. Kwetu linalowezekana ni hewa ipite na ukuta usiwe baridi kuliko hewa. Kitanda na kabati jipya la miguu mirefu vimekaa upana wa kiganja kutoka ukutani. Juu ya mlango tumefungua tena kile kidirisha cha mbao za kutoboa kilichokuwa kimezibwa kwa plaiwudi. Waliojenga nyumba hizi walijua kwa nini wamekiweka. Nguo hazianikwi tena chumbani. Sufuria jikoni inafunikwa.

Kwa wenye kiyoyozi: kukiweka nyuzi 18 mlango ukifunguliwa kila mara ni kuita kuvu. Ukuta na nguo vinapoa, hewa ya nje yenye mvuke inaingia na kugeuka maji juu yake. Nyuzi 25 au 26 zinatosha mtu kulala vizuri, na mlango ufungwe.

Aprili, masika

Mvua imenyesha usiku na mchana. Gata inafanya kazi. Kokoto zinapitisha maji. Chini ya ukuta, upana wa shubiri moja kutoka sakafuni, chokaa inatia rangi ya kijivu mvua ikizidi, kisha inarudi nyeupe kukicha kukavu siku mbili. Hilo si kasoro, ndivyo ukuta unavyotoa maji yake. Vitone vyeusi hakuna.

Isipokuwa pembe moja ya juu, kwenye boriti. Duara la hudhurungi limerudi, dogo zaidi. Gata haikuwa sababu pekee: bati letu na ukuta wa jirani haviungani vizuri, na upepo wa kusi unasukuma mvua ndani. Fundi bati amepanda mvua ilipokatika, ameweka bati la kukunja lililoingia kwenye ukuta na kuzibwa kwa chokaa. Ncha ya boriti imechomwa kisu kuona kama imeoza. Kisu hakikuingia.

Juni, kipupwe

Mama amerudi chumbani kwake tangu mwezi uliopita. Harufu ya uvundo imekwisha, na usiku analala mfululizo. Dawa yake ya pumu bado iko kando ya kitanda na daktari wake ndiye atakayeamua juu ya hiyo.

Nimeulizwa na jamaa wa Dar es Salaam mwenye nyumba ya bloku Mbagala kama naye abandue saruji. La. Bloku ni saruji yenyewe, haina ugomvi na lipu yake. Kwake nimemwambia aangalie kama msingi uliwekewa nailoni ya kuzuia maji ya ardhini, kama udongo wa nje umepanda juu ya usawa wa nailoni hiyo, bafu liko nyuma ya ukuta gani, na mchanga wa lipu ulitoka wapi. Jaribio la alumini na la tangi yanafaa kwake sawasawa.

Kazi iliyobaki kwetu ni ukuta wa ngazi, ambao una saruji hadi juu na unalia uwazi mpaka ghorofa ya kwanza. Hauwezi kubanduliwa kwa mara moja kwa sababu umebeba ngazi. Mzee ataugawa vipande, atabandua kimoja na kukijaza kabla ya kugusa cha pili, kuanzia Januari ijayo. Chokaa yake tumeshaizima wiki hii, na mdogo wangu anajifunza kwake namna ya kuikoroga na kuihifadhi chini ya maji. Maombi ya kibali yanapelekwa mwezi ujao, na kwenye kikao cha mtaa tutaomba suala la kushusha kichochoro lijadiliwe, kwa kuwa nyumba nne zinapokea maji yake.

Chumba cha Mama kitapakwa chokaa ya maji tena Machi.